Soli za Mabuti Yangu, Msimu Usio na Theluji

Novemba 29

Daftari hili lilikuwa la Baba. Ukurasa wa kwanza aliandika "Changarawe, barabara ya juu", akaishia hapo, maana Baba hata akishika kalamu ni mtu wa maneno machache. Nimeuchana. Sasa ni langu mimi, Ermes, miaka kumi na tisa, niliyeacha chuo cha hoteli mwaka wa pili (chuo kinasema kilinifukuza, kila mtu na kumbukumbu zake), na mtelezaji bora wa skii kuliko wote hapa Valdorsa. Anayebisha aje tushuke naye.

Leo mezani Baba kafungua mdomo, jambo ambalo peke yake linastahili kuandikwa.

"Mwezi wa tano namfuata mama yako bondeni."

Mama yuko huko mwaka wa pili, anapanga maboksi kwenye ghala. Halmashauri haimhitaji tena mtu wa kumwaga changarawe barabarani, kwa sababu barafu yenyewe haiji.

"Na Bibi je?" nikauliza.

Baba akaikodolea macho polenta, ule ugali wetu wa mahindi. Aliyejibu ni Bibi Ortensia mwenyewe. "Kuna nyumba ya wazee huko chini. Wana televisheni kubwa."

Nikasema si lazima. Aprili kuna majaribio ya kuingia mafunzo ya ualimu wa skii. Nikipita, shule ya skii ya hapa imeahidi kunichukua mwaka mzima: baridi nasaidia kufundisha, kiangazi natengeneza njia. Nabaki mimi, anabaki Bibi, nyumba inabaki wazi. Nisipopita, nyumba inafungwa na Bibi anapelekwa kwenye televisheni kubwa.

"Utapita?" Baba akauliza.

"Baba, hilo ni swali la kuniuliza mimi?"

"Ulisema hivyo hivyo kuhusu chuo cha hoteli," akasema Bibi, akaniongezea polenta.

Desemba 8

Lifti ya viti imefunguliwa, kile kipande cha juu tu. Kutoka kwetu hadi lifti ni kilomita mbili za lami kavu yenye changarawe ya Baba. Kijana wa Valdorsa anatoka mlangoni kwake akiwa amevaa mabuti ya skii. Hayabebi mkononi. Kubeba mabuti ni mambo ya wageni wa mjini. Zamani watu walitelezea kuanzia kizingitini. Theluji imepanda mlimani, desturi imebaki huku chini, nasi tunatembea ka-ka-ka kama farasi.

Njiani nikamkuta Loris, mtoto wa mwenye mkate, naye yumo kwenye majaribio ya Aprili. Miguuni, chini ya mabuti, amefunga vitu vya mpira wa kijani.

"Loris, kaka, hayo makubazi! Bibi yako anajua umeyachukua?"

"Vifuniko vya soli, bwege. Soli ya plastiki ikitembea kwenye lami inaliwa."

"Inaliwa na nani?"

"Na changarawe ya baba yako."

Kwenye lifti akainama, akavivua kimoja kimoja, akavigongesha, akavining'iniza kiunoni. Nilikuwa juu mlimani nimeshamaliza kushuka mara moja yeye bado anahangaika na mkanda. Mtu wa namna hiyo anataka kuwa mwalimu!

Desemba 12

Jua. Nilimshinda Loris mara sita kati ya sita.

Desemba 19

Jua. Mara tano kati ya sita. Ya sita kuna mgeni alinikatiza.

Desemba 27

Mvua. Mvua, mwezi wa kumi na mbili! Baba alisimama dirishani asubuhi nzima, ametia mikono mifukoni, kama mtu anayesubiri basi lililofutwa.

Januari 6

Mara nne kati ya sita. Sitaki kulizungumzia.

Januari 15

Leo skii ya kulia ilinitoka yenyewe. Sikuanguka, sikugonga mlingoti wa kuonyesha njia, nilikuwa kwenye kona nimeinama vizuri ajabu, mara kibanio kikaachia buti na skii ikaenda zake. Nilishuka kwa makalio hadi miguuni pa Loris.

"Umeona kitu kizuri huko chini?" akauliza.

Nikamwambia kibanio kibovu. Mchana nikakipeleka kwa Mama Iride, mwenye duka la skii karibu na kanisa, ambaye amewavisha mabuti vijana wote wa hapa tangu Baba akiwa na nywele. Hata hakukitazama. Aligeuza buti langu juu chini, akapitisha kidole gumba kwenye ncha ya mbele ya soli, pale panapoingia chini ya mdomo wa kibanio.

"Kibanio hakina tatizo. Hapa pamelika. Ncha ikipungua, kibanio hakina cha kushika. Kitakuachia pasipotakiwa, au kitakung'ang'ania siku unayotakiwa kuachiwa. Unatembea nayo lamini?"

"Kila mtu anatembea nayo, Mama Iride."

"Loris hatembei nayo."

"Loris anatembea kama bata."

"Bata mwenye soli nzima. Kisigino nitakubadilishia, kina skrubu. Ncha ya mbele ya buti hili imeumbwa pamoja na gamba lote, na haya mabuti hayatengenezwi tena. Ikiisha, buti limeisha."

Mabuti haya Mama alinitumia kwa mshahara wake wa kwanza wa ghala. Mama Iride aliyapasha moto, akayafinyanga juu ya mguu wangu hadi kila kidole kikapata chumba chake. Nikanywea. Nikasema haya, nipe hivyo vifuniko.

Akanitolea aina mbili. Za kwanza ngumu kiasi, zimepinda chini kama kiti cha kubembea, ili mguu uviringike kutoka kisigino hadi kidole na magoti yapumzike. Zinabana ncha zote mbili hata kijiwe hakiingii. Za pili laini, nyeusi, za kuvuta na kuvalisha tu.

"Chukua hizi ngumu."

"Sawa. Saizi yangu?"

"Saizi yako imebaki ya waridi."

Waridi, jamani. Rangi ya chupi za watoto. Mimi, Ermes, nipite mbele ya mkahawa nimevaa waridi? Nikamwambia nipe nyeusi.

"Nyeusi zilizobaki ni kubwa kwako kwa namba moja."

"Nitakaza."

"Hazikazwi, mwanangu, ni mpira."

Nikazichukua nyeusi.

Januari 20

Vifuniko vyangu ni vizuri. Havitelezi hata kwenye ngazi za kanisa, ambako mabuti matupu yamewahi kumlaza chali padri msaidizi. Watu wanne wameniuliza nilivinunua wapi. (Mmoja.)

Februari 2

Jua. Bibi leo aliketi kwenye benchi la nje bila koti. Anasema mwaka aliozaliwa Baba, mkunga aliingia kwa dirisha la juu, theluji ilikuwa imefunika mlango. Alisema hivyo akitazama kuku wakichakura.

Februari 11

Loris kaniuliza kwenye lifti, "Kabla ya kuvivaa unafuta soli?"

"Nazifuta kwa nini? Si ndiyo kazi ya kifuniko?"

"Unashuka mlimani, soli ina theluji, theluji ina mchanga. Ukifunika bila kugonga na kufuta, unaufungia mchanga humo humo. Na hivi vyako vina nafasi, vinaokota njiani."

"Loris, andika kitabu."

Akacheka. Leo alinishinda mara nne.

Februari 18

Mvua.

Februari 19

Mvua.

Februari 23

Sehemu ya chini ya mteremko imefungwa. Baba amerudisha gari la changarawe halmashauri. Alilifuta vioo kwanza.

Machi 9

Nitaandika polepole maana bega linauma.

Asubuhi skii ilinitoka mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa kwenye mwendo mkali, nikapaa, nikatua kwa bega, na nilipokuwa nimelala pale nikatazama mguu wangu juu na mbingu nyuma yake, nikaona ncha ya soli. Mwanzoni ilikuwa na kona kama kona ya sabuni mpya. Sasa ni sabuni ya mwisho wa wiki.

Nilikimbia hadi lifti, nikavitoa vifuniko kwenye ndoano. Niliingiza kidole ndani ya kile cha kulia. Mchanga. Umejibandika kwenye mpira safu nzima, umekaa imara, ni msasa kamili wa fundi seremala. Karibu miezi miwili! Kilomita mbili kwenda, kilomita mbili kurudi, kila hatua buti linacheza ndani ya kifuniko kikubwa na msasa unakwangua. Ningetembea bila vifuniko labda zingeishi zaidi. Nimezisaga soli zangu mwenyewe, kwa uangalifu, kila siku, huku nikijisifu.

Mama Iride alileta kipimo cha chuma. Alipima mara mbili, halafu akavua miwani.

"Milimita mbili zimekwenda, na kidogo."

"Tukijaza gundi?"

"Gundi itabanduka kwenye kona ya kwanza."

"Tukikaza kibanio? Nikikikaza mpaka mwisho?"

"Ndiyo, halafu siku ukianguka hakitakuachia, na goti lako litazunguka kama kitasa. Nikikuona na bisibisi, Ermes, nakupiga nayo."

"Majaribio ni Aprili nne, Mama Iride."

"Najua."

"Bibi..."

"Najua, mwanangu. Najua."

Afadhali angenitukana. Mama Iride akinionea huruma najua mambo yameisha. Nikamwuliza kama ana mabuti ya kuazima ya namba yangu. Yapo ya kukodisha, laini kama mkate uliolowekwa, ukiyaegemea kwenye kona yanakukunjia. Nikayajaribu alasiri yote. Nilishuka kama mgeni wa Jumapili.

Nyumbani Bibi aliuliza, "Mazoezi?"

"Safi kabisa, Bibi. Nitawaacha kwa sekunde mbili."

Akaendelea kumenya viazi. Ganda lilikuwa refu, halikukatika.

Machi 14

Nilijaribu gundi. Ilibanduka kwenye kona ya pili, si ya kwanza.

Machi 17

Nilimpigia Mama simu nimwombe mabuti mapya. Aliuliza ninakula vizuri? Nikasema ndiyo. Alisema mgongo unamsumbua kidogo. Sikuomba.

Machi 21

Natembea kwa viatu vya kawaida, mabuti nimeyabeba mkononi, barabara nzima, kama mtu wa mjini. Hakuna aliyecheka. Nilitamani acheke mmoja.

Machi 28

Karatasi ya majaribio imefika. "Vifaa vitakaguliwa kabla ya kuanza." Nimesoma mstari huo mpaka herufi zikaanza kuogelea. Theluji hakuna, watatupeleka juu kwenye barafu ya kudumu. Bibi amepiga pasi suruali yangu ya skii. Suruali ya skii haipigwi pasi. Imepata mng'ao mbele ya magoti, na nitaivaa hivyo hivyo.

Aprili 1

Loris alinikuta nimekaa nyuma ya lifti. Sijui kwa nini nilimwonyesha. Nilimpa buti, nikangoja aseme nilikwambia. Aliligeuza, akapitisha kidole pale pale alipopitisha Mama Iride.

"Utaenda nalo hivyo?"

"Nitaenda nalo. Huenda mkaguzi ana usingizi."

"Ermes, ukitokwa na skii kule juu, chini kuna mwamba."

"Nitaenda nalo, Loris."

Akanirudishia. Msimu mzima nimemwita bata na bibi na mtoto wa mkate, na leo aliposimama kuondoka nilitaka kumshika mkono wa koti asiende.

Aprili 4

Mkaguzi hakuwa na usingizi.

Ni mtu mwembamba mwenye kipimo cha chuma kama cha Mama Iride. Tulipanga foleni, wavulana na wasichana mia na ishirini, kila mmoja na buti mkononi. Alipofika kwangu aliweka kipimo kwenye ncha ya soli, kikapita bila kugusa kitu, kama mlango wa kanisa.

"Hili hapana."

"Bwana, naomba..."

"Kijana, sitaki kukuokota na machela. Una namba ngapi?"

"Sitini na moja."

"Una kama saa moja na nusu. Ukipata mabuti mengine, rudi nikupime. Anayefuata!"

Nilipita kwa kila mtu. Niliomba, mimi. Nilisema tafadhali kwa watu ambao sijui hata wanatoka bonde gani. Wote walikuwa wanakwenda kushuka, na walioshuka walikuwa wamebebwa na lifti upande wa pili wanasherehekea. Nikakaa kwenye theluji, suruali yangu yenye mng'ao wa pasi ikalowa.

Kisha nikasikia mtu anahema. Loris, namba kumi na nne. Alikuwa amemaliza kushuka na kupanda tena kwa lifti.

"Unavaa ishirini na sita na nusu," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi ishirini na sita. Mama Iride anasema namba kamili na nusu yake gamba ni moja, ndani tu ndiyo tofauti. Tazama kisigino."

Tukalinganisha. Pembeni mwa kisigino cha buti lake pameandikwa urefu wa soli, milimita mia tatu na sita. Langu, mia tatu na sita. Kampuni moja, duka moja. Vibanio vyangu visingehitaji kuguswa hata skrubu. Alishaanza kufungua vishikizo.

"Utakanyaga nini?"

"Nipe vifuniko vyako. Si ni vikubwa?"

Nikavichomoa begini, akavivaa juu ya soksi. Aliufuta mchanga kwanza kwa kidole, taratibu, ndani kote, akanitazama. Nadhani kama angesema neno ningelia mbele ya mkaguzi.

Mkaguzi alipima soli za Loris. Mpya kabisa, kona zake zote zipo. "Nenda."

Sasa kuhusu mguu. Mabuti ya Loris yamefinyangwa kwa mguu wa Loris. Nyayo zake ni bapa, kifundo chake kimekaa pengine kabisa. Nilipofunga kishikizo cha pili niliona nyota. Hadi namba hamsini na tisa vidole vilikuwa vinauma, namba sitini vikaacha kuuma, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu mtelezaji anasikia mlima kwa vidole.

Nilishuka. Sitajisifu hapa. Kona tatu za kwanza nilikuwa nakisia tu theluji iko wapi. Ya nne nilichelewa, nikapanuka mno nje ya mlingoti, nikapoteza mwendo wote pale bapani. Kutoka hapo niliteleza kama sijawahi kuteleza maishani, na skii hazikunitoka. Zilishika. Nilikuwa nimesahau ilivyo kushikwa vizuri hivyo.

Muda wa mwisho kukubaliwa: sekunde hamsini na nane na nusu. Wangu: hamsini na nane, nukta tisa.

Niliutazama ubao mpaka jina langu likaondoka. Nilipanda tena kumrudishia Loris mabuti yake. Alikuwa amesimama pale pale, soksi zimelowa hadi kwenye kifundo, vifuniko vyeusi miguuni kama ndara za bafuni, midomo ya bluu. Yeye alipita.

"Vipi?"

Nikatikisa kichwa.

"Kwa ngapi?"

"Nukta nne."

Alisema tusi moja refu sana ambalo sikujua mtoto wa mwenye mkate analijua. Kisha akakaa chini, tukasaidiana kuvuta, maana mguu wangu ulikuwa umevimba na buti halitoki.

Aprili 5

Ndani ya basi la kurudi nilitunga uongo wa aina tatu. Wa kwanza: matokeo bado. Wa pili: saa yao ilikuwa mbovu. Wa tatu ulikuwa mzuri zaidi, una helikopta.

Bibi alikuwa mezani. Baba amesimama kwenye jiko, amenipa mgongo.

"Sema," Bibi akasema.

Nikafungua mdomo nimletee helikopta.

"Nimeshindwa, Bibi. Soli nilizisaga mwenyewe. Loris aliniazima mabuti yake, hata hivyo nikashindwa."

Baba alizima jiko. Bibi aliinuka, akaenda chumbani, tukamsikia anaburuta kitu. Akarudi na sanduku la kahawia, limefungwa kamba mara mbili, kamba imeshaanza kushika vumbi.

"Umelipanga lini hilo?" Baba akauliza.

"Mwezi wa pili."

"Kwa hiyo hukuniamini," nikasema.

"Nilikuamini, mjinga wewe. Nililipanga ili siku kama ya leo usije kunipangia wewe, huku unanililia juu ya fulana zangu. Haya, vua viatu, nione huo mguu."

Akauweka mguu wangu mapajani mwake, akaupaka marhamu ya mafuta ya msonobari, kidole kimoja kimoja. Kucha mbili zitatoka. Nililia juu ya fulana aliyokuwa ameivaa.

Aprili 30

Tumemleta Bibi. Chumba namba tisa, dirisha linatazama maegesho ya magari. Baba alibeba sanduku, hakukubali nimsaidie. Mama alikuja moja kwa moja kutoka ghalani, na vumbi la maboksi kwenye nyusi.

Muuguzi akatupokea kwa uchangamfu. "Na huyu kijana ni nani?"

"Mjukuu wangu," Bibi akasema kwa sauti ya ukumbi mzima. "Mwalimu wa skii. Amepita juzijuzi tu, wa pili katika watu mia na ishirini."

Wazee watatu wakageuza vichwa kutoka kwenye televisheni. Ni kubwa kweli.

Mimi nimedanganya tangu shule ya chekechea. Nimewadanganya walimu, makocha, wasichana, na daftari hili mara kadhaa. Uongo huu ulikuwa tayari umepikwa, umepakuliwa, na aliyenipakulia ni Bibi.

"Hapana, dada," nikamwambia muuguzi. "Nilishindwa. Kwa nukta nne."

Bibi alinifinya mkono mpaka nikaruka. "Mpumbavu," akaninong'oneza. "Ndugu wa mwalimu angepewa chumba cha upande wa mlima."

Muuguzi alijifanya hakusikia. Alitutangulia, akamfungulia mlango.

Tulipokuwa tunaondoka nilitazama nyuma. Bibi alikuwa ameshavuta kiti hadi dirishani, ameyapa magari kisogo, anajaribu kuinamisha kichwa hivi, na hivi, kuona kama kutoka pembe yoyote mlima unaonekana.

Hauonekani. Nilikwisha kujaribu.